Begi la bega la kamera kwa mji wa vichochoro: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi ya kupiga picha huniweka Lamu sehemu kubwa ya mwaka, na mara mojamoja nateremka Malindi. Kila msimu naulizwa maswali yaleyale na vijana wanaoanza kazi hii, na pia na wageni wanaoshuka uwanja wa ndege wa Manda wameinamia mbele kwa uzito wa mashanta. Majibu haya ni ya mtu anayetembea kwa miguu kutwa, kutoka mtaa wa Mkomani hadi wa Langoni na kurudi, kisha alasiri akapanda mashua. Anayekwenda mbugani kupiga picha za wanyama ana mahitaji mengine kabisa.

Kwa nini begi la bega, si shanta la mgongoni?

Njia zetu ni nyembamba. Hata Usita wa Mui, ambao ndio mtaa mkuu wa Mji wa Kale, una mahali ambapo watu wawili wakikutana na punda mmoja lazima mtu abane ukutani. Ukisikia "Simile!", yaani nipishe, nyuma yako, jua punda amekwisha fika, na shogi zake, yale makapu ya ubavuni, zimejaa mchanga wa kujengea. Mwenye begi la bega hulivuta tumboni, akaegemea ukuta, punda akapita. Mwenye shanta hana la kuegemea. Amejiongezea unene wa futi nzima upande ambao hana macho, na kamera yake ndiyo itakayokutana na shogi, au na ukuta wa matumbawe unaokwaruza kama tupa.

Sababu ya pili ni kubadilisha lenzi. Shanta lataka kutuliwa chini, na chini kwetu kuna mtaro wa maji na kinyesi cha punda. Begi la bega unalifungua likiwa limelala tumboni, na kazi inaisha ukiwa umesimama.

Lakini bega moja halibebi kama mabega mawili. Kutoka mjini hadi kijiji cha Shela ni kama kilomita tatu, na mwenye kilo nne upande mmoja atakuwa anabadilisha bega kila baada ya nyumba chache. Kama umepunguza mzigo kwa moyo mgumu na bado unazidi kilo tatu, chukua shanta dogo.

Begi "lisilovuta macho" ni lipi hasa? Ni la kuwapiga watu picha bila wao kujua?

La. Hili nataka lieleweke kabla ya mengine yote.

Lamu ni mji ambao kila mtu anajulikana ni mtoto wa nani. Huwezi kujificha hapa, wala hupaswi kujaribu. Mwanamke aliyevaa buibui akipita zake, wazee walioko barazani baada ya swala ya alasiri, mtoto anayetoka chuoni na juzuu kwapani: wote hao wanaombwa ruhusa, au wanaombewa kwa wakubwa wao, na ukikataliwa unashukuru na kupita. Begi la kimya halimpi mtu haki ya kuiba sura ya mwenziwe.

Linachokupa ni muda. Begi kubwa jeusi, jina la kampuni ya kamera limetariziwa kwa herufi nyeupe, huwafikia watu kabla ya salamu yako. Mpiga picha hajasema "Asalaam aleikum" na baraza limekwisha nyamaza. Mmoja ameinua gazeti usoni, mwingine anajitengeneza kola kama yuko studio. Ile picha iliyokuvuta imekwisha ondoka. Miaka yangu ya mwanzo nilitembea na begi la namna hiyo, na picha zangu zote za baraza za wakati ule zina watu waliokaa wima.

Nilipoanza kubeba begi la turubai lililochakaa, mzee mmoja wa Langoni aliniuliza, "Wauza nini leo, mwanangu?" Nikamjibu, "Sina cha kuuza, baba, nina kamera tu," nikakaa, nikamwonyesha, tukazungumza habari za bei ya samaki. Nilipokuja kuomba ruhusa ya kumpiga picha, alikuwa amekwisha nijua kama mtu. Alikubali, na hakujitengeneza kola.

Kwa hiyo begi lisilovuta macho ni lile lisilo na chapa ya kusomeka kutoka mbali, lisilo na umbo la sanduku, lisilopiga kelele likifunguliwa, ambalo mwalimu wa madrasa au karani wa kaunti angelibeba na mtu asigeuze shingo.

Nianze na begi au na vifaa?

Anza na vifaa utakavyobeba, si vyote unavyomiliki. Tandika kikoi kitandani, uweke juu yake vitu ulivyovitumia kweli katika siku tatu za mwisho za kazi. Vilivyobaki rudisha kabatini.

Kisha pima uzito. Kamera ya Sony A7 IV ni gramu 658 pamoja na betri. Ukiitia lenzi ya milimita 35 f/1.8 ya kampuni hiyohiyo, gramu 280, na ukaweka pembeni ile ya 85 f/1.8, gramu 371, uko kwenye kilo 1.3. Huo ni mzigo wa begi dogo. Ukisema ubebe lenzi ndefu, ile ya 70-200 f/2.8 ya toleo la pili, hiyo peke yake ni zaidi ya kilo moja na ina urefu wa sentimita 20, na hapo hakuna begi dogo tena, kuna sanduku lenye mkanda. Kwa upande mwingine, Fujifilm X100VI, ambayo lenzi yake haitoki, ina gramu 521 tu na betri yake na kadi. Mwenye kamera hiyo anaweza kusoma maswali mawili matatu hapa, kisha akaenda zake sokoni.

Mimi mjini hubeba kamera moja na lenzi mbili fupi. Milimita 35 ni ya vichochoroni, kwa sababu hakuna pa kurudi nyuma. Milimita 85 ni ya nyuso na ya nakshi za milango. Lenzi ndefu hutoka siku za mashindano ya mashua, nayo ina begi lake.

Vipimo vya ndani viwe vipi?

Kwa kamera ya kisasa isiyo na kioo cha ndani (mirrorless) ikiwa na lenzi fupi, pamoja na lenzi moja ya ziada, tafuta upana wa sentimita 25, kimo 18 na kina 10 au 11. Kina ndicho watu wanachokisahau. Begi likizidi sentimita 14 kwenda mbele, linachomoza ubavuni kama ngoma, na hapo ndipo punda na milango vinapoligonga.

Pima ndani, si nje. Sponji hula sentimita moja au mbili kila upande. Mfuko wa kompyuta pakato usiutake: ukiwepo utaujaza.

Kitambaa gani kinavumilia pwani?

Kuna jambo moja la zamani linalonipendeza. Kampuni ya Billingham ya Uingereza ilianza mwaka 1973 ikishona mabegi ya wavuvi. Miaka michache baadaye ikagundua kwamba wapiga picha wa New York wanayanunua ya kuwekea kamera, ndipo ikageuza kazi. Huko Marekani, katikati ya miaka ya 1970, Jim Domke, mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer, alichoshwa na mabegi magumu ya sanduku akabuni la turubai, laini, linalokaa mwilini. Mabegi yote mawili yalitokana na kazi za kutwa, moja la uvuvi, jingine la habari. Ndiyo maana mpaka leo watu wanaiga umbo lao.

Turubai la pamba ndilo ninalolipenda. Hulainika, hukaa ubavuni, halimetimeti wala halikwaruzi kwa sauti. Kasoro yake ni kwamba likilowa hukauka polepole, na likiwa bichi ni zito.

Nailoni ni nyepesi na hukauka upesi. Ile nene ni ngumu kuchanika hata ikisugua matumbawe kila siku. Lakini nyingi hung'aa, na husikika unapotembea. Kama utaichukua, chagua isiyo na mng'ao.

Turubai lililopakwa nta ni zuri kwa nchi za baridi. Jua letu la Januari huilainisha nta, ikahamia kwenye kanzu yako. Doa hilo halitoki kwa urahisi.

Ngozi nitaisema kwa heshima, kwa kuwa Siyu, kisiwani Pate, ina mafundi wa ngozi wa kusifika tangu zamani. Ncha za mkanda na pembe za begi zikiwa za ngozi, vizuri sana. Begi zima la ngozi, hapana. Ni zito hata likiwa tupu, na ukilifungia kabatini mvua za mwaka, kati ya Aprili na Juni, utalikuta limeota ukungu wa kijani. Ukungu huo haubaki kwenye ngozi. Nilipoteza lenzi moja kwa njia hiyo, ikiwa imelala ndani ya mkoba mzuri wa ngozi kwa wiki saba.

Vipi mabegi yanayoshonwa kwa tanga kuukuu la jahazi?

Yanafaa, tena nayapendekeza, ila usilitie kamera siku ya kwanza.

Tanga kuukuu ni turubai lililopigwa na jua na upepo miaka mingi. Limekwisha nywea kadiri ya kunywea, limekwisha pauka, na hapa Lamu hakuna anayelishangaa. Lakini lina chumvi ndani ya nyuzi zake, na chumvi hunyonya unyevu wa hewa. Liloweke kwenye maji ya kisima au ya mvua, badilisha maji mara mbili au tatu, kisha lianike kivulini penye upepo. Ukilamba kidole baada ya kuligusa na bado una ladha ya chumvi, rudia.

Halafu halina sponji. Hapo nenda kwa fundi cherehani akushonee kiota: kisanduku laini kisicho na mfuniko, kinachoingia ndani ya begi na kutoka. Sponji ya godoro ni laini mno, baada ya miezi miwili imelala kama chapati. Tumia ile nzito ya mikeka ya mazoezi, ambayo hainywi maji: unene wa sentimita moja ubavuni, na karibu mbili sakafuni, kwa sababu vitu huvunjika zaidi begi linapotuliwa kuliko linapogongwa. Juu ya sponji avike kitambaa laini cha rangi nyepesi. Ndani ya begi jeusi kadi ya kumbukumbu haionekani. Ndani ya kiota cha manjano unaiona mara moja.

Uzuri wa kiota ni kwamba ukikitoa, begi linakwenda sokoni. Nalo likizoea kwenda sokoni, linazidi kufanana na begi la sokoni.

Mwambie fundi aongeze pia kifuniko kinachoshuka hadi nusu ya uso wa begi. Mengi ya tanga yako wazi juu, na mvua yetu haipigi hodi.

Zipu, velkro au bizimu?

Velkro iondoe kwenye kifuniko. Sauti ya kuibandua ni kama ya kupasua kitambaa, na ndani ya mawaidha au maziko ni aibu kubwa. Kama begi tayari linayo, shonea utepe wa kitambaa juu yake.

Zipu za chuma huganda kwa chumvi. Chukua zenye meno ya plastiki nene au za shaba, uzipitishie kipande cha mshumaa mara moja kwa mwezi. Mchanga wa Shela ukiingia kwenye zipu usiilazimishe. Suuza kwa maji baridi kwanza.

Bizimu ya shaba na tundu la ngozi ni polepole lakini ni salama. Mimi hutumia kifuniko kizito kisichofungwa ninapofanya kazi, na bizimu moja tu ninaposafiri.

Rangi?

Khaki, kijivu, udongo, buluu iliyofifia. Nyeusi hunyonya jua, na ndani yake kamera hupata joto bure.

Mkanda uwe wa namna gani?

Upana wa sentimita nne hadi tano. Mwembamba hukata bega, mpana sana hukunjika. Wa pamba hushika bega. Wa nailoni huteleza juu ya kanzu na utakuwa unaupandisha kutwa. Angalia umeshonwa wapi. Mkanda mzuri hushuka ubavuni mwa begi na kupita chini yake, hivyo hata mshono mmoja ukikatika begi halianguki. Vikulabu vya chuma huota kutu na hulia kila hatua.

Uwe mrefu wa kutosha kupita kifuani, na ufupishike hadi begi likae juu ya nyonga, chini ya kiwiko. Likining'inia mapajani linakupiga ukipanda ngazi, na ngazi za nyumba zetu za kale ni ndefu na nyembamba.

Nikipanda boti au mashua nilibebeje?

Livue. Jaketi la kuokolea maisha huvaliwa kwanza, na mkanda wa begi usiwe chini yake wala juu yake. Mtu akianguka majini na mkanda umemzunguka kifua, begi linamvuta, na hakuna picha yenye thamani hiyo. Liweke mapajani, mkanda umeushika kwa mkono.

Boti za kasi za kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, hurusha maji hata bahari ikiwa shwari, na wakati wa upepo wa kusi usiulize. Kifuniko cha turubai huzuia matone, hakizuii wimbi. Zamani tulikuwa tukizungushia kamera mfuko wa plastiki wa dukani. Mifuko ile imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo nunua mfuko mzito wa mabaharia usiopitisha maji, ule wa kukunjwa mdomo mara tatu. Wa lita kumi hulimeza begi dogo zima. Ukiwa mtupu unakunjika ukakaa mfuko wa nyuma.

Keti nyuma, karibu na nahodha. Mbele ndiko wimbi linakopigia.

Nifanyeje na unyevu?

Usilale na kamera ndani ya begi. Huo ndio ushauri mmoja ambao ningetaka kila kijana aukariri. Begi ni la kubebea, si la kuhifadhia. Turubai lina jasho lako, sponji ina unyevu wa jana, na ukungu wa lenzi hupenda giza lenye unyevu unaozidi asilimia 60 au 65.

Jioni toa kila kitu. Kamera na lenzi ziingie kwenye kopo kubwa la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na pakiti za silika jeli. Zile za rangi ya machungwa hugeuka kijani zikishiba maji. Zikaushe kwenye oveni ya moto mdogo, zirudi kazini. Begi lining'inize wazi penye upepo, kiota kando. Usilianike jua kali kutwa, gundi huachia.

Kinyume chake hutokea Malindi, kwenye hoteli zenye kiyoyozi. Ukitoka na kamera baridi kwenye hewa ya nje, kioo kinatoka jasho papo hapo. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa kabla ya kuitoa. Hapo sponji inakufaa kweli.

Usalama je? Wizi?

Lamu wasiwasi wangu mkubwa ni maji na punda. Malindi kuna barabara, tuktuk na bodaboda, na mambo ni tofauti: begi likae upande wa ukuta, si wa barabara, mkanda upite kifuani, na ukikaa kwenye tuktuk liweke katikati ya miguu, mkanda umezungushwa goti. Mkahawani usilitundike kwenye kiti. Begi lenye chapa ya kamera hutangaza bei yake. La turubai huenda lina mandazi.

Kadi zilizojaa zisikae ndani ya begi. Mimi huzitia mfuko wa shati wenye kifungo.

Nakwenda Maulidi. Begi hilohilo litafaa?

Litafaa, likiwa jepesi zaidi. Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, mji unapojaa wageni na zefe, ule msafara wa Maulidi, ikipita, hakuna nafasi ya kubadilisha lenzi. Beba moja tu, na begi liwe mbele, chini ya mkono.

Kuna adabu moja ambayo wageni hawaambiwi. Begi ulilolitua njiani, palipopita punda, usilitue juu ya mkeka wa msikiti wala wa nyumba ya watu. Tafuta begi ambalo sakafu yake inafutika, au beba kitambaa safi cha kulitandikia. Mwenye nyumba akiona umefanya hivyo bila kuambiwa, atakupa nafasi ambayo hukuiomba.

Kwenye ndege ndogo je?

Ndege nyingi ndogo zinazotoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Manda hukubali mzigo wa kilo 15 hivi, na hupendelea mabegi laini. Betri za ziada ziwe nawe mkononi, ncha zake zimefunikwa, zisiende na mizigo.

Sina pesa ya begi la kamera. Nifanyeje?

Chukua begi la shule la mtoto aliyemaliza, lile la mkanda mmoja. Likiwa na chapa, geuza kifuniko ndani nje kishonwe upya. Mwambie fundi wa mtaani akushonee kiota kama nilivyoeleza, na kama hata hicho hakipo, kunja kikoi mara nne uweke chini, kamera ikae katikati, ncha za kikoi zifunike juu. Kikoi hicho kitakukingia jua kwenye mashua na kitakufutia kamera matone ya maji ya chumvi, ila lenzi ifute kwa kitambaa chake.

Begi langu la kwanza lililonifaa lilikuwa la mpwa wangu, alilolitumia hadi darasa la nane. Lilibeba kamera yangu miaka minne. Bado liko, limetundikwa nyuma ya mlango, na siku hizi hubebea chaja na betri.